Hunayn ibn Ishaq na Uundaji wa Istilahi: Maisha ya Mfasiri wa Baghdad wa Karne ya 9

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya uundaji wa istilahi, swali linalorudi mara kwa mara ni lile la njia. Je, lugha pokezi ilikope neno la kigeni na kulitohoa, ilifasiri kipande kwa kipande, au ipanue maana ya neno lake la kale? Swali hili huzungumzwa mara nyingi kana kwamba lilizaliwa pamoja na lugha za taifa za karne ya 20. Kwa hakika lilikwisha kuulizwa, na kujibiwa kwa vitendo, katika mji wa Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, na watu waliofasiri elimu ya Wayunani kwa Kisiriaki na Kiarabu. Makala haya yanaeleza maisha ya aliye mashuhuri kuliko wote miongoni mwao, tabibu na mfasiri Hunayn ibn Ishaq, aliyezaliwa mwaka 808 na kufariki mwaka 873.

Hoja inayoongoza makala ni kwamba Hunayn hakuwa na njia moja ya kuunda maneno. Kwa kila neno alichagua njia kwa kutegemea mambo mawili: usahihi wa matini iliyokuwa mbele yake na ujuzi wake wa kitu kilichotajwa na matini hiyo. Istilahi alizozitumia zilidumu kwa sababu ziliwafikia wasomaji zikiwa ndani ya vitabu vilivyosahihishwa, ambavyo wanafunzi walisomea na matabibu walitibia.

Habari za maisha yake zinatokana hasa na maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni waraka wake mwenyewe, aliouandika mwaka 856 kwa Ali ibn Yahya, mtu wa baraza la khalifa, akieleza vitabu vya Galen vilivyokwisha kufasiriwa. Ya pili ni vitabu vya wasifu vilivyoandikwa baadaye, hasa Fihrist ya Ibn al-Nadim ya mwaka 987 na kitabu cha tabaka za matabibu cha Ibn Abi Usaybi'a, aliyefariki mwaka 1270. Waraka ni ushahidi wa mtu juu ya kazi yake mwenyewe. Vitabu vya wasifu vina visa vingi vizuri ambavyo hapana budi kuvipima kabla ya kuvikubali.

2.0 Malezi na lugha zake

Hunayn alizaliwa al-Hira, mji wa kale karibu na Kufa, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Baba yake alikuwa muuza dawa. Jamaa zake walikuwa Ibad, yaani Waarabu Wakristo wa mji huo, na ndiyo maana jina lake huongezewa nisba ya al-Ibadi. Walikuwa waumini wa Kanisa la Mashariki, ambalo lugha yake ya ibada na elimu ilikuwa Kisiriaki, tawi la Kiaramu. Kwa hiyo Hunayn alikua katika mazingira ya lugha mbili: Kiarabu kilikuwa lugha ya kabila, soko na dola, Kisiriaki kilikuwa lugha ya kanisa na ya kitabu.

Hali hii ina umuhimu wa pekee. Wakati huo Kisiriaki kilikuwa kimekwisha kupokea elimu ya Kiyunani kwa karne kadhaa. Sergius wa Resh'aina, aliyefariki mwaka 536, alikuwa amefasiri vitabu vingi vya Galen kwa lugha hiyo. Kiarabu, kwa upande wake, kilikuwa na utajiri mkubwa wa ushairi na sarufi iliyochunguzwa kwa kina, lakini msamiati wake wa tiba na mantiki ulikuwa bado unatafutwa. Mtu aliyezijua lugha zote mbili aliweza kuona tangu mwanzo mahali ambapo moja ilikuwa na neno na nyingine haina.

Baadhi ya waandishi wa wasifu wanasema kwamba Hunayn alijifunza Kiarabu fasaha kwa al-Khalil ibn Ahmad, mwanasarufi wa Basra anayehusishwa na kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Jambo hilo haliwezekani, kwani al-Khalil alifariki kabla ya mwisho wa karne ya 8, ilhali Hunayn alikuwa hajazaliwa. Hata hivyo kisa hicho kina maana yake. Watu wa baadaye waliuona ufasaha wa Kiarabu chake kuwa jambo linalohitaji maelezo, nao wakaueleza kwa kumpa mwalimu mkubwa kuliko wote waliomjua.

3.0 Kufukuzwa na kurudi

Hunayn alikwenda Baghdad akiwa kijana ili asomee tiba kwa Yuhanna ibn Masawayh, tabibu mashuhuri ambaye ukoo wake ulitoka Gundeshapur, mji wa Uajemi uliosifika kwa matabibu wake. Kwa mujibu wa habari aliyoisimulia Yusuf ibn Ibrahim na kuhifadhiwa na Ibn Abi Usaybi'a, kijana huyo alikuwa na maswali mengi mno. Siku moja mwalimu alighadhibika, akamwambia kwamba tiba si kazi ya watu wa al-Hira, na kwamba afadhali arudi akabadilishe sarafu barabarani kama wenzake. Hunayn alitoka darasani akilia.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakuonekana Baghdad. Waandishi hawakubaliani juu ya mahali alipokuwa. Wengine wanataja nchi ya Rumi, wengine Aleksandria. Wanachokubaliana ni matokeo. Yusuf alisimulia kwamba siku moja alimkuta mtu mwenye nywele ndefu akienda huku na huku akikariri mashairi ya Homer kwa Kiyunani, akamtambua kwa sauti yake. Hunayn alimwomba asiitoe siri hiyo, kwani alikuwa ameapa kutorudia masomo ya tiba mpaka aimiliki lugha ya vitabu vyake.

Kisa hiki kimepambwa, lakini kiini chake kinalingana na ushahidi wa waraka. Akiwa na umri wa miaka kama 17 tayari alikuwa akifasiri kitabu cha Galen juu ya aina za homa kwa ajili ya Jibril ibn Bukhtishu, tabibu mkuu wa zama hizo. Jibril alipoiona kazi yake alistaajabu, akamwita kwa jina la heshima wanalopewa walimu. Muda si mrefu Yuhanna mwenyewe alitafuta suluhu, na yule aliyemfukuza Hunayn akawa miongoni mwa wateja waliomwagiza tafsiri.

4.0 Kazi ya kufasiri

Katika maandishi mengi ya kisasa, Hunayn hutajwa kuwa mkuu wa Nyumba ya Hekima iliyohusishwa na khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833. Waraka wake hauitaji nyumba hiyo kama mahali pa kazi yake. Unawataja watu: matabibu wa Kikristo waliotaka vitabu kwa Kisiriaki, na wakuu wa Kiislamu waliovitaka kwa Kiarabu. Miongoni mwa hao wa pili walikuwa wana wa Musa ibn Shakir, ndugu watatu walioishughulikia sana hisabati. Ibn al-Nadim anaeleza kwamba ndugu hao walikuwa wakitoa takriban dinari 500 kwa mwezi kwa ajili ya wafasiri wao, Hunayn akiwamo. Habari kwamba al-Ma'mun alimlipa uzito wa vitabu vyake kwa dhahabu inafanana zaidi na hekaya. Ibn Abi Usaybi'a anaongeza kwamba aliziona nakala zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi nzito, zikiwa na mistari michache.

Waraka unaorodhesha vitabu 129 vya Galen. Kati ya hivyo, Hunayn mwenyewe alifasiri zaidi ya 90 kwa Kisiriaki na karibu 40 kwa Kiarabu, mbali na tafsiri za wengine alizozisahihisha. Hakufanya kazi peke yake. Mwanawe Ishaq, mpwa wake Hubaysh na mwanafunzi wake Isa ibn Yahya mara nyingi waliitoa tafsiri yake ya Kisiriaki na kuitia katika Kiarabu. Ibn al-Qifti anataja mkanganyiko uliotokana na mwandiko: majina ya Hubaysh na Hunayn, yakiandikwa kwa Kiarabu bila nukta, yanafanana sana, na hivyo wanakili waliihesabu kazi ya mpwa kuwa ya mjomba.

Msingi wa kazi yake ulikuwa kusahihisha matini kwanza. Mfano ulio wazi ni kitabu cha Galen juu ya madhehebu ya matabibu. Hunayn alikifasiri akiwa na umri wa miaka kama 20 kutoka katika mswada wa Kiyunani uliojaa makosa. Miaka ishirini baadaye, Hubaysh alimwomba akipitie upya. Kufikia wakati huo alikuwa amekusanya miswada kadhaa ya Kiyunani ya kitabu hicho. Aliilinganisha yote mpaka akapata matini moja sahihi, kisha akailinganisha na tafsiri ya Kisiriaki na kuirekebisha. Anasema kwamba huo ndio uliokuwa mwendo wake katika kila alichofasiri.

Kitabu cha Galen juu ya hoja yakinifu kilimgharimu zaidi. Alikitafuta katika nchi ya kati ya mito miwili, Shamu, Palestina na Misri mpaka Aleksandria, lakini alichokipata ni karibu nusu yake tu, huko Dameski, tena bila mpangilio. Safari hizo zinahusiana moja kwa moja na uundaji wa istilahi. Mfasiri asiyekuwa na uhakika kwamba neno lililo mbele yake ni neno la mwandishi na si kosa la mnakili hana msingi wa kulitafutia kisawe. Tena katika tiba kosa la aina hiyo halikuishia kwenye karatasi. Jina la dawa likikosewa, dawa nyingine ndiyo itakayonywewa.

5.0 Njia za kuunda istilahi

5.1 Kufasiri sura ya kitu

Mfano ulio bora zaidi unatokana na elimu ya macho. Hunayn aliandika makala juu ya jicho kwa muda wa zaidi ya miaka 30. Zilipofika tisa, Hubaysh alimsihi azikusanye na kuongeza ya kumi. Kitabu hicho cha makala kumi kilichapishwa Cairo mwaka 1928 kwa juhudi za Max Meyerhof, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu wa macho.

Wayunani walizipa tando za jicho majina kwa kuzifananisha na vitu vinavyojulikana. Utando wa mbele, mgumu na angavu, waliuita keratoeides, yaani ulio mfano wa pembe. Ule wa nyuma unaopokea nuru waliuita amphiblestroeides, yaani mfano wa wavu wa kutupa. Mwingine waliufananisha na zabibu, mwingine na utando wa buibui. Maji ya jicho yalifananishwa na kioo, na kiini chake na barafu. Maneno haya yangeweza kuandikwa kwa herufi za Kiarabu jinsi yalivyotamkwa, lakini yangemwachia mwanafunzi sauti ndefu zisizo na maana kwake. Katika kitabu cha Hunayn utando wa pembe ni qarniyya, kutokana na qarn. Wa wavu ni shabakiyya, kutokana na shabaka. Wa zabibu ni inabiyya. Wa buibui ni ankabutiyya. Maji ya kioo ni zujajiyya, na kiini cha barafu ni jalidiyya.

Kimofolojia, jambo la kuzingatia ni utaratibu wenyewe. Kipande cha Kiyunani -oeides, chenye maana ya umbo au mfano, kinapewa mlingano mmoja katika Kiarabu, yaani kiambishi tamati cha nisba -iyya. Nomino inayotangulia ni tabaqa kwa tando na rutuba kwa maji, na istilahi zote zinapatana nayo kwa jinsi. Mwanafunzi akiijua moja anaweza kuitambua nyingine kuwa ya jamii hiyo hiyo. Si lazima kudai kwamba kila jina kati ya haya lilibuniwa na Hunayn, kwa kuwa Yuhanna ibn Masawayh alikuwa amekwisha kuandika juu ya maradhi ya macho. Mchango wa Hunayn ulikuwa kuyapanga majina hayo katika mfumo mmoja, kueleza sababu ya kila jina, na kuyatumia bila kuyabadilishabadilisha.

5.2 Kupanua maana ya neno la kale

Njia ya pili ilikuwa kuchukua neno la Kiarabu la kila siku na kulipa kazi mpya. Dhana ya Kiyunani ya physis ilielezwa kwa tabi'a, neno la mzizi wenye maana ya kupiga chapa, yaani kile ambacho kiumbe amepigwa chapa nacho. Kuchanganyika kwa vitu vya msingi katika mwili kuliitwa mizaj, kutokana na kitenzi cha kuchanganya. Nyongo ya manjano iliitwa safra' na nyeusi sawda', kwa rangi zake. Maneno ya aina hii yalitumiwa na wafasiri wengi wa zama hizo, na kazi ya Hunayn na wanafunzi wake iliyatia nguvu kwa wingi wa vitabu vyao. Hatari ya njia hii ni kwamba maana ya kale haiondoki. Ndiyo sababu Hunayn alikitunga kitabu chake cha maswali juu ya tiba kwa mtindo wa swali na jibu, ambamo kila neno linaelezwa kabla ya kutumiwa. Kitabu hicho kilikamilishwa na Hubaysh.

5.3 Kuliacha neno la kigeni

Njia ya tatu ilikuwa kukopa. Baadhi ya maneno ya Kiyunani yalikuwa yamekwisha kuzoeleka katika Kiarabu, kwa mfano falsafa na balgham, na hapakuwa na haja ya kuyaondoa. Mengine yaliachwa kwa sababu za kitaalamu. Kitabu cha Dioscorides juu ya mimea na madawa kilifasiriwa kwa Kiarabu na Istifan ibn Basil, na Hunayn akaisahihisha tafsiri hiyo. Ibn Juljul, tabibu wa Cordoba wa karne ya 10, anaeleza kwamba Istifan alipolijua jina la mmea kwa Kiarabu aliliandika. Asipolijua, aliliacha jina la Kiyunani, akitumaini kwamba Mungu angemleta baadaye mtu wa kulitambua.

Matumaini hayo yalitimia kwa kiasi kikubwa mbali sana na Baghdad. Katika karne ya 10 mfalme wa Byzantium alimpelekea khalifa Abd al-Rahman III wa Cordoba nakala ya Kiyunani ya kitabu hicho, na mwaka 951 akafika huko mtawa aliyeitwa Nicholas. Akishirikiana na matabibu wa mji huo, walikwenda kuitafuta mimea yenyewe na kuyalinganisha majina. Mengi yaliyokuwa yameachwa wazi yakapata visawe vyake. Kukopa kulikuwa hapa alama ya uaminifu: jina la kigeni liliwatangazia wasomaji kwamba kazi bado haijakwisha, ilhali kisawe cha kubahatisha kingewaficha jambo hilo.

Uaminifu wa namna hiyo hiyo unaonekana katika tafsiri ya kitabu cha Galen juu ya majina ya kitiba, ambacho leo kimebaki kwa Kiarabu tu. Galen alikuwa amenukuu humo maneno ya Aristophanes, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha. Hunayn anakiri kwamba hakuizoea lugha ya mtunzi huyo, na kwa hiyo akaiacha sehemu hiyo.

5.4 Mipaka ya njia zake

Al-Safadi, aliyefariki mwaka 1363, aliwagawa wafasiri wa zama hizo katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilifasiri neno kwa neno, na kwa sababu si kila neno la Kiyunani lina kisawe katika Kiarabu, maneno mengi yakabaki jinsi yalivyo. Kundi la pili, ambalo Hunayn ndiye mfano wake, lilielewa sentensi nzima na kuitoa kwa sentensi yenye maana sawa. Mgawanyo huu umerahisishwa mno, na miswada iliyopo inaonyesha kwamba mfasiri mmoja aliweza kuzitumia njia zote mbili. Lakini al-Safadi anaongeza jambo lenye uzito: vitabu vya Hunayn vya tiba, mantiki na elimu ya maumbile havikuhitaji kusahihishwa; vya hisabati vilihitaji, kwa kuwa hakuimudu elimu hiyo, na Thabit ibn Qurra akalazimika kukitengeneza kitabu cha Euclid. Kwa maneno mengine, umahiri wa lugha peke yake haukumtosha hata Hunayn.

Kulikuwa pia na mipaka ya kidini. Miungu ya Wayunani haikuweza kuingia katika vitabu vilivyosomwa na Wakristo na Waislamu bila kubadilishwa. Mara nyingi mahali pao paliwekwa Mungu mmoja au malaika. Hapo mfasiri alikuwa akichagua kile ambacho jamii yake ingekipokea, na msomaji wa leo anapaswa kuyasoma maandishi hayo akilikumbuka jambo hilo.

6.0 Masaibu

Umaarufu ulimfikisha Hunayn katika baraza la khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala tangu mwaka 847 hadi 861. Inasimuliwa kwamba khalifa, akimshuku kuwa huenda anatumiwa na Byzantium, alimtaka atengeneze sumu ya kumuua adui, kwa malipo makubwa. Hunayn alijibu kwamba alijifunza dawa zenye manufaa tu. Alifungwa kwa mwaka mmoja, kisha akaletwa mbele ya upanga, naye akabaki na jibu lile lile. Khalifa alipomwambia kwamba lilikuwa jaribio tu na kumuuliza kilichomzuia, alitaja mambo mawili: dini yake, inayomwamuru kuwatendea wema hata maadui, na kazi yake, ambayo msingi wake ni kiapo cha kutompa mtu dawa ya kumuua.

Masaibu makubwa zaidi yalitoka kwa matabibu wenzake wa Kikristo. Habari iliyoandikwa kana kwamba ni ya Hunayn mwenyewe, na ambayo baadhi ya wataalamu wanaitilia shaka, inasema kwamba walimtega ili aitemee mate picha takatifu mbele ya khalifa. Alitengwa na kanisa, akapigwa, akafungwa, na mali yake ikachukuliwa. Lolote lisemwalo juu ya kisa hicho, kupotea kwa maktaba yake hakuna shaka. Waraka wa mwaka 856 unaeleza kwamba vitabu vyote alivyovikusanya maishani mwake, katika nchi zote alizozipitia, vilikuwa vimepotea kwa mara moja. Orodha ya vitabu 129, pamoja na habari za miswada, wafasiri waliotangulia na makosa yao, aliiandika kwa kumbukumbu.

Kwa mwanaisimu, waraka huo una thamani kubwa. Ni nadra kwa mfasiri wa kale kueleza alifasiri nini, kwa ajili ya nani, akiwa na umri gani, kutoka katika mswada wa hali gani, na wapi anajiona alikosea. Uliandikwa na mtu aliyekuwa amepokonywa vyombo vyote vya kazi yake.

Baadaye alirudishiwa heshima yake, akaendelea kufanya kazi mpaka alipofariki mwaka 873. Ishaq na Hubaysh waliiendeleza kazi hiyo, na kamusi yake ya Kisiriaki ikawa miongoni mwa misingi waliyojengea watunzi wa kamusi waliofuata, hasa Bar Bahlul wa karne ya 10.

7.0 Urithi

Katika karne ya 11 Constantine Mwafrika, mtawa wa Monte Cassino, aliitoa kazi ya Hunayn juu ya jicho katika Kilatini bila kumtaja mwenyewe. Kitabu cha maswali juu ya tiba kilijulikana kwa jina la Johannitius, yaani Hunayn kwa matamshi ya Kilatini, na kikafundishwa katika vyuo vya tiba vya Ulaya kwa karne kadhaa. Wafasiri wa Kilatini walizitendea istilahi za Kiarabu vile vile ambavyo Baghdad ilizitendea za Kiyunani: kutokana na qarn, pembe, wakapata cornea, kutokana na shabaka, wavu, wakapata retina, kwa neno lao rete. Jina lililoanza kwa mfano wa wavu wa Kiyunani likapita katika wavu wa Kiarabu na kufika katika wavu wa Kilatini, mfano wake ukihifadhiwa kila lilipovuka.

Katika Kiswahili mnyororo huo umekatika. Retina na konea zimeingia kwa kutoholewa kutoka Kiingereza, na mwanafunzi wa biolojia hawezi kuuona wavu wala pembe ndani yake. Hata hivyo baadhi ya maneno ya ulimwengu wa Hunayn yalikwisha kufika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia nyingine, yaani kwa mawasiliano ya muda mrefu na Kiarabu. Tabaka, rutuba na tabia ni maneno ya kawaida ya Kiswahili. Belghamu ni phlegma ya Wayunani iliyopitia Kiarabu. Safura, jina la ugonjwa wa upungufu wa damu unaoletwa na minyoo, limebeba jina la nyongo ya manjano ya Galen, ingawa nadharia yenyewe imekwisha kuachwa. Maneno hayo yalikuja bila vitabu vilivyoyaeleza, na maana zake zikaenda upande mwingine: rutuba imekuwa ya udongo zaidi kuliko ya mwili, na tabia imekuwa ya mwenendo zaidi kuliko ya maumbile.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Hunayn ibn Ishaq yanaonyesha kwamba ubishi wa kukopa au kufasiri hauwezi kumalizwa kwa kanuni moja. Alifasiri sura ya kitu pale alipokijua na msomaji aliweza kukiona. Alipanua neno la kale pale alipokuwa na nafasi ya kulieleza. Aliwaachia waliofuata neno la kigeni pale kitu chenyewe kilipokuwa hakijatambuliwa. Palipomshinda alisema, au alisahihishwa na aliyejua zaidi.

Kamati za istilahi za Kiswahili, tangu ile ya mwaka 1930 ya nchi za Afrika Mashariki hadi BAKITA iliyoanzishwa mwaka 1967, zimeandaa orodha nyingi na zenye manufaa. Wanafunzi wanaochunguza kwa nini baadhi ya istilahi hizo zimekita mizizi na nyingine zimebaki katika orodha wanaweza kuuliza, kwa kila neno, maswali ambayo Hunayn aliyajibu katika waraka wake: neno hilo limo katika kitabu gani, kitabu hicho kilifasiriwa na nani kwa ajili ya nani, kilisahihishwa lini, na nani anakifundisha. Pale ambapo hakuna kitabu cha kutaja, kazi ya neno hilo bado haijaanza.